Larrey, Mganga wa Askari Aliyeitafuta Njia ya Kuufikia Moyo

Maji yanayoliacha Ziwa Victoria hapo Jinja na kupita chini ya daraja husafiri maelfu ya kilomita kuelekea kaskazini mpaka yafike Cairo. Askari wetu wa zamu huyaona yakiondoka usiku na mchana. Ni wachache wanaojua kwamba huko yaendako, mnamo mwaka 1798, aliteremka pamoja na jeshi la Wafaransa mganga mmoja mfupi wa kimo, mwenye nywele nyingi zilizomfika mabegani, ambaye jina lake halina budi kufahamika kwa kila mpiganaji na kila polisi. Jina hilo ni Dominique Jean Larrey.

Tunalo jambo mahsusi lililotufanya tumchague. Wazee wetu waliolitumikia jeshi kwa miaka mingi, na hata baadhi ya maafisa walio bado kazini, sasa wanashikwa na maradhi ya mishipa ya moyo. Aliyeko Jinja husafiri kiasi cha kilomita 80, na aliyeko Mbale zaidi ya kilomita 200, mpaka Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyopo Mulago, ambako tangu mwaka 2012 mishipa hiyo huchunguzwa na kuzibuliwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa mkononi au pajani. Mara nyingi kazi hiyo huenda salama. Lakini mara chache mshipa hutoboka, damu ikavujia katika mfuko unaouzunguka moyo, na hapo uhai wa mtu huwa ni jambo la dakika. Daktari huchukua sindano ndefu na kuiingiza pale tunapopaita chembe cha moyo, chini kidogo ya mfupa wa kidari, upande wa kushoto, ili aitoe damu ile. Mahali hapo palielekezwa na Larrey katika kitabu chake alichokichapisha mwaka 1829.

Alizaliwa tarehe 8 Julai, 1766, katika kijiji cha Beaudéan, kwenye milima ya Pyrenees iliyo mpakani mwa Ufaransa na Hispania. Watu wa kijiji hicho walizoea kupanda na kushuka mabonde kama wafanyavyo ndugu zetu wa Mlima Elgon. Baba yake alikuwa fundi viatu, naye alifariki mwanawe angali mdogo. Akiwa na umri wa miaka 13 kijana aliondoka kwenda Toulouse kwa baba yake mdogo, Alexis Larrey, aliyekuwa mpasuaji mkuu wa hospitali huko, na mwendo huo aliutembea kwa miguu. Alisoma uganga kwa huyo baba mdogo kwa miaka kadhaa. Kisha akaenda Paris, akafanya mtihani wa uganga wa jeshi la majini, akapanda merikebu mpaka visiwa vya Amerika ya Kaskazini, akarudi akiwa amekonda na kuchoshwa na bahari. Aliporejea Paris alijifunza kwa Desault, mpasuaji mashuhuri wa zama zile. Mapinduzi ya mwaka 1789 yalimkuta huko.

MAGARI YARUKAYO

Mwaka 1792 Larrey alitumwa kwenye jeshi la mto Rhine. Aliyoyakuta huko yalimchukiza. Sheria ya jeshi iliamuru kwamba magari ya kubebea majeruhi yakae mbali nyuma ya jeshi, na kwamba yasisogee mpaka mapigano yamalizike. Basi askari aliyepigwa asubuhi alilala pale pale alipoanguka mpaka jioni, na pengine mpaka kesho yake. Waliokuwa na jeraha la kupona walikufa kwa kutoka damu. Waliobebwa na wenzao walibebwa na watu sita au saba, ambao wengine walifurahi kupata kisingizio cha kutoka mstari wa mbele. Na hilo kamanda yeyote anayelijua jeshi hatashangaa kulisikia.

Larrey alitazama mizinga myepesi iliyokuwa ikivutwa na farasi, ikikimbia kutoka upande huu wa medani hadi upande ule. Akajiuliza kwa nini chombo cha kuua kipewe farasi wepesi na chombo cha kuokoa kipewe maksai. Akaomba ruhusa, akaipata, akatengeneza vigari vya magurudumu mawili vyenye chemchemi na magodoro, vilivyolaza majeruhi wawili, na vingine vya magurudumu manne vilivyolaza wanne. Pamoja na vigari hivyo waliwekwa wapasuaji waliopanda farasi wakiwa na vifaa vyao mifukoni, wauguzi, na askari wa kulinda. Vikaitwa ambulansi zirukazo. Katika vita vya Italia alipanga kikosi kamili cha watu wapatao 340, kilichogawanywa sehemu tatu. Magari ya wagonjwa yanayopita leo kwa king'ora katika barabara ya Iganga ni wajukuu wa vigari vile.

La pili alilolifanya ni kuweka utaratibu wa nani atibiwe kwanza. Kabla yake afisa alitangulia na kuruta akangoja. Larrey aliamuru kwamba aliye katika hatari kubwa zaidi ndiye atangulie, awe jenerali au mpiga ngoma, awe wetu au wa adui. Wapo maafisa ambao hawakulipenda agizo hilo. Hakulibadilisha.

Huko Misri alikuta mchanga ambao magurudumu yake hayakuuweza. Hapo akachukua ngamia, akawafungia matenga mawili marefu, moja kila ubavu, na katika kila tenga akalaza majeruhi mmoja. Alitibu tauni, alitibu vikope vilivyowapofusha askari, na aliandika habari za maradhi hayo yote. Mwaka 1801, katika mapigano ya karibu na Alexandria, jenerali mmoja aitwaye Silly alivunjwa goti kwa risasi ya mzinga. Larrey alimkata mguu pale pale huku mapigano yakiendelea, na alipoona wapanda farasi wa Kiingereza wanawajia, alimtupa mgongoni na kukimbia naye mpaka kwa wenzao. Jenerali alipona.

Msomaji asidhani kwamba mganga huyo alipenda kukata viungo. Alikata upesi kwa sababu aliona kuwa aliyekatwa katika saa 24 za kwanza hupona mara nyingi kuliko aliyengojeshwa mpaka jeraha lioze. Zama zile hapakuwa na dawa ya usingizi wala dawa ya kuua vijidudu. Kitu pekee alichoweza kumpunguzia mgonjwa ni muda wa maumivu, naye mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu. Mwaka 1811 alimpasua mwandishi wa Kiingereza, Bibi Fanny Burney, uvimbe wa titi, bila ya dawa ya usingizi. Bibi huyo aliishi zaidi ya miaka 28 baada ya hapo.

MFUKO WA MOYO

Sasa tufike kwenye habari iliyotuleta. Mwaka 1810 aliletwa kwa Larrey askari mmoja aliyejichoma kisu kifuani, upande wa kushoto, akitaka kujiua. Hakufa. Lakini siku zilivyopita alianza kupumua kwa shida, akashindwa kulala chali, mapigo yake yakawa madogo na ya haraka. Larrey alitambua kwamba kisu kilifika kwenye mfuko wa moyo na kwamba mfuko umejaa. Akaufungua na kuyatoa yaliyokuwa ndani. Mgonjwa alipata nafuu ya wazi; ila baadaye jeraha liliingia uchafu, naye akafariki. Haki itendeke: yuko mganga wa Hispania, Francisco Romero, ambaye aliufungua mfuko wa moyo mwaka 1801, kabla ya Larrey. Lakini Larrey ndiye aliyeitafuta njia iliyo fupi na salama. Alizichunguza maiti, akapima kwa kidole na kisu, akaona kwamba mtu akipita kwenye pembe iliyo kati ya ncha ya mfupa wa kidari na mbavu za kushoto atafika kwenye mfuko bila kuliumiza pafu.

Kwa nini damu kidogo iue? Mfuko wa moyo ni mgumu kama ngozi ya ngoma, hautanuki kwa haraka. Ukijaa polepole kwa muda wa miezi, kama unavyojaa kwa ugonjwa wa kifua kikuu, huweza kubeba lita nzima au zaidi. Ukijaa ghafula, mililita 150 au 200, ambazo hazifiki hata chupa ndogo ya soda, zinatosha. Damu iliyo nje huubana moyo, moyo ukashindwa kufunguka ili ujazwe, na usichojazwa hauwezi kukitoa. Shinikizo la damu hushuka, mishipa ya shingo huvimba kwa kuwa damu inayorudi haina pa kuingia, na daktari anayeweka sikio kifuani husikia mapigo kwa mbali kama mtu anayebisha hodi nyumba ya pili. Dalili hizo tatu zilikusanywa pamoja na mpasuaji wa Marekani, Claude Beck, mwaka 1935. Sisi katika chuo cha makadeti tulifundishwa kufunga jeraha ili damu isitoke nje. Damu inayotokea ndani haina kitambaa cha kuifunga.

Mwaka 1977, mwezi wa Septemba, daktari Andreas Grüntzig alipitisha mrija wenye puto dogo katika mshipa wa moyo wa mgonjwa huko Zürich, akalijaza puto, na mshipa ulioziba ukafunguka. Huo ndio mwanzo wa kazi inayofanywa leo Mulago na Nairobi na kwingineko, na siku hizi huachwa ndani kijibomba cha waya kiitwacho stenti ili mshipa usijifunge tena. Mshipa hutoboka katika chini ya mgonjwa mmoja kwa kila 100. Ikitokea, jambo la kwanza afanyalo daktari ni kulirudisha puto pale palipotoboka na kulijaza tena, lizibe tundu kwa dakika kadhaa kama mtu anayeziba bomba la maji kwa kidole. Wakati huo huo mwenzake huangalia moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti, kuona kama mfuko unajaa. Mgonjwa alikwisha pewa heparini ili damu isigande katika mrija. Sasa dawa hiyo iliyosaidia imegeuka adui, na huenda akapewa protamini ya kuivunja nguvu. Tunasema huenda, kwa kuwa damu ikiganda mapema mno wakati mrija na waya bado vimo ndani ya mshipa, mgonjwa aweza kufa kwa kuziba badala ya kufa kwa kuvuja. Kuchagua saa ya kuitoa dawa hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Mfuko ukiwa umejaa na shinikizo likashuka, sindano huingia kwa njia ya Larrey, au kati ya mbavu iwapo mashine inaonyesha kwamba huko damu iko karibu zaidi. Kutoa hata mililita 50 huweza kumrudishia mgonjwa fahamu. Mrija laini huachwa ndani ili damu iendelee kutoka mpaka ikome. Tundu lisipoziba kwa puto, huwekwa stenti iliyovikwa kitambaa. Na likiwa katika ncha ya mshipa mdogo, huzibwa kwa vijiwaya vilivyosokotwa au hata kwa chembe ya mafuta ya mgonjwa mwenyewe. Yote yakishindikana, huitwa mpasuaji. Vivyo hivyo kwa aliyepasuliwa kifua ili kuwekewa mishipa mipya: huachiwa mirija ya kutoa damu, na mirija hiyo ikiziba kwa damu iliyoganda, mfuko huweza kujaa hali chupa ya nje inaonekana imetulia. Muuguzi mjinga hufurahi anapoona damu imekoma ghafula. Muuguzi hodari hushtuka.

Lipo jambo linalowahusu hasa walioko mbali kama Mbale. Tundu dogo lililotobolewa na waya huweza kuvuja polepole, na hatari ikajitokeza baada ya saa nyingi, mgonjwa akiwa kitandani au hata amekwisha ondoka hospitali. Mtu aliyefanyiwa kazi hiyo akiona pumzi zinamwishia, kizunguzungu kikali, kifua kinabana na moyo unakimbia, asipande basi kurejea Kampala. Aende hospitali ya rufaa iliyo karibu, ya Mbale au ya Jinja, akiwa na karatasi zake zote mkononi, na aseme mara moja kwamba alipitishiwa mrija katika moyo. Na dawa za kulainisha damu alizopewa pamoja na stenti asiziache mwenyewe kwa kuogopa kutoka damu, maana stenti ikiziba ghafula ni msiba mwingine. Kuziacha au kuzibadilisha ni amri ya daktari peke yake. Polisi naye akimkuta mtu barabarani amechomwa kisu kifuani na kisu kingali kimesimama, asikichomoe. Huenda kisu hicho ndicho kinachoziba tundu. Akikaze kisitikisike, ampakie majeruhi na kuondoka naye.

Turudi kwa Larrey, maana jambo tunalolistahi kuliko yote katika maisha yake halikutendeka kwa kisu. Alikwenda Urusi mwaka 1812 akiwa mpasuaji mkuu wa jeshi zima. Baada ya mapigano ya Borodino alikata viungo vya watu kama 200 kwa usiku na mchana mmoja. Wakati wa kurudi nyuma katika theluji alining'iniza kipimajoto kwenye koti lake na kuandika jinsi walioota moto kwa haraka walivyopoteza miguu. Penye daraja la mto Berezina, mahali ambapo watu walikanyagana na kuangushana majini, askari walipomtambua walimwinua juu ya vichwa vyao na kumpitisha mkono kwa mkono mpaka ng'ambo. Katika siku ile ambayo kila mtu alijipigania nafsi yake, hatujui cheo kilichoweza kumfanyia mtu jambo kama hilo.

Mwaka uliofuata Napoleon aliunda jeshi jipya la vijana ambao wengi wao hawakuwa na mafunzo. Baada ya mapigano ya Lützen na Bautzen, mwezi wa Mei 1813, zaidi ya askari 2,000 walionekana wana majeraha ya vidole na mikono. Maafisa wakuu walimwambia Mfalme kwamba vijana hao wamejipiga wenyewe ili warudishwe nyumbani. Amri ilikuwa tayari: wachaguliwe baadhi yao kutoka kila kikosi, wapigwe risasi mbele ya wenzao. Larrey alisema kwamba hakubali. Akaambiwa achunguze basi.

Alichunguza mmoja mmoja, mkono baada ya mkono, pamoja na wapasuaji wenzake, kwa siku kadhaa. Walioharakisha kuua walikuwa wakimngojea. Akagundua kwamba jeshi lilipiga risasi likiwa limepangwa safu tatu, na kwamba makuruta wa safu ya tatu, kwa kutojua kazi, walikuwa wakipiga juu ya mabega ya wenzao wa mbele na kuwajeruhi mikono iliyoinuliwa kushika bunduki. Tena vita vile vilipiganwa katika kupanda vilima, na anayepanda kilima huinua mikono mbele ya mwili wake. Akaandika taarifa yake: hakuna ushahidi kwamba askari hata mmoja amejidhuru. Wakuu walitazamia kwamba Mfalme atakasirika. Badala yake alimshukuru, akampelekea zawadi ya fedha na kumwekea pensheni. Vijana wale wakarudi vikosini wakiwa hai. Afisa wa upelelezi anayesoma habari hii ataona mwenyewe ilivyofanyika: ushahidi ulitafutwa katika jeraha, ukatafutwa katika gwaride, ukatafutwa katika umbo la ardhi.

Mwaka 1815, katika medani ya Waterloo, husimuliwa kwamba jemadari wa Waingereza, Wellington, alimwona kwa mbali mtu anayeokota majeruhi katikati ya moto, na alipoambiwa ni nani, aliamuru mizinga isielekezwe upande ule, akavua kofia. Jioni yake Waprusia walimkamata. Kwa kimo na koti lake walimdhania kuwa ni Napoleon, kisha walipojua siye, wakaamua kumpiga risasi. Mganga mmoja wa Kijerumani aliyewahi kuhudhuria mafunzo yake alimtambua wakati amekwisha simamishwa. Alipelekwa kwa mkuu wao, Blücher, ambaye mwanawe aliwahi kujeruhiwa na kutekwa na Wafaransa na kuponywa na Larrey huyo huyo. Akapewa chakula, fedha na walinzi, akaachiliwa.

Serikali iliyofuata ilimnyang'anya vyeo na pensheni kwa muda, kwa kosa la kumtumikia aliyeshindwa. Napoleon alipokufa uhamishoni mwaka 1821 alimwachia katika wasia faranga 100,000, akimtaja kuwa mwenye tabia njema kuliko watu wote aliowajua. Larrey aliendelea kutibu maveterani wa Paris na kuandika. Kazi yake juu ya mfuko wa moyo ilitoka katika miaka hiyo ya upweke.

Mwaka 1842, akiwa na umri wa miaka 75, aliomba kwenda Algeria kukagua hospitali za jeshi. Alikwenda pamoja na mwanawe Hippolyte, aliyekuwa naye mpasuaji wa jeshi. Akakagua, akasahihisha, akaugua njiani wakati wa kurudi, na tarehe 25 Julai akafariki mjini Lyon kwa ugonjwa wa mapafu. Mkewe Charlotte, mchoraji wa picha aliyemwoa mwaka 1794 na ambaye maisha yake mengi aliyapitisha akimngojea, alikuwa amefariki siku chache tu kabla, na mume hakuwahi kupata habari. Alitaka azikwe katika bustani ya Invalides, palipo makazi ya askari waliolemazwa na vita. Serikali ilikataa, akazikwa katika makaburi ya raia. Mabaki yake yalihamishiwa Invalides mwaka 1992, miaka 150 baada ya kifo chake.